Kupanga Picha Katikati ya Msongamano wa Kariakoo

Msomaji wa Dar es Salaam ameuliza: “Nina simu yenye kamera nzuri, na nikipata nafasi huenda Kariakoo kupiga picha, hasa Mtaa wa Kongo na mitaa ya jirani. Nimejifunza kanuni ya theluthi, yaani kuigawa picha sehemu tatu kwa wima na tatu kwa ulalo na kumweka mhusika kwenye mistari ya mgawanyo huo, na nimewasha mistari ya kusaidia kwenye kioo, lakini picha zangu bado ni fujo tupu: kila kitu kimo na hakuna kinachoonekana. Nifanye mazoezi ya namna gani?”

Ndugu msomaji, nadhani fujo unayoieleza haitokani na kanuni ambayo hujaisoma, bali inatokana na utaratibu wako wa kupiga picha. Kwa kawaida mtu anayeanza humwona kwanza mhusika anayemvutia, labda kuli aliyejitwisha marobota ya mitumba au mama anayepanga ndizi, kisha huinua simu haraka na kubonyeza kabla tukio halijapita. Anapofanya hivyo, kilicho nyuma ya mhusika huwa ni chochote kilichotokea kuwepo wakati huo: nguzo ya umeme, bango la mtandao wa simu, kichwa cha mtu mwingine, nusu ya bajaji. Sokoni vitu vya namna hiyo havikosekani, na kamera, tofauti na jicho, haiwezi kuvipuuza. Ushauri wangu mkuu ni kuugeuza utaratibu huo: chagua kwanza mandharinyuma, jipange mbele yake, halafu subiri watu waingie. Mengine nitakayoyaeleza hapa chini yanatokana na hilo.

Kabla ya kuendelea, niseme neno kuhusu kanuni ya theluthi, kwa sababu wengi huilaumu au kuitegemea kupita kiasi. Maelezo yake ya mwanzo yanayofahamika yaliandikwa mwaka 1797 na John Thomas Smith, mchongaji wa picha wa Uingereza, naye alikuwa akizungumzia michoro ya mandhari ya mashambani, yaani ni sehemu gani ya picha ipewe ardhi na ipi ipewe anga. Mtaa wa Kongo saa nne asubuhi hauna upeo wa macho wala anga ya kugawa. Ukimweka mtu kwenye makutano ya mistari huku nyuma yake kuna mambo ishirini yanayoshindana naye, umehamisha tatizo kutoka katikati kwenda pembeni. Mistari hiyo iache iwake, lakini itumie kwa kazi moja tu, nayo ni kuhakikisha kwamba nguzo na kuta zimesimama wima.

Sasa, ni mandharinyuma gani yanayofaa? Kariakoo inayo mengi kuliko inavyodhaniwa. Asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa yote, milango ya chuma huwa bado imeshushwa, na kila mlango ni ukuta wa rangi moja wenye mistari ya kulala iliyonyooka. Baadaye kuna vitenge vilivyotundikwa kwa safu, turubai lililoshushwa kuzuia jua, ubavu wa lori linaloshusha mizigo, au kivuli kizito ndani ya varanda la duka, ambacho kwenye picha huwa kama pazia jeusi. Sifa ninazozitafuta ni mbili. Kwanza, mahali hapo pawe na umbo au rangi moja inayotawala. Pili, pawe na giza kuliko uso wa mtu atakayepita mbele yake, au angalau pasiwe na mwanga mkali kuliko uso huo. Sifa hii ya pili ndiyo inayosahauliwa zaidi, na ina uzito wa pekee kwetu sisi tunaopiga picha za watu wenye ngozi nyeusi. Simu hupima mwanga wa eneo zima, hivyo mtu akisimama kivulini huku nyuma yake kuna barabara inayowaka jua, programu ya kamera huenda ikaiokoa barabara na kumwacha mtu akiwa doa lisilo na macho. Simu za kisasa hujitahidi kurekebisha hali hiyo, lakini mara nyingi uso hubaki na rangi ya majivu. Dawa ni kusogea hatua mbili ili nyuma ya uso kuwe na kivuli, kisha kushikilia kidole juu ya uso huo kwenye kioo hadi kipimo cha mwanga kifungwe, na kukishusha kidogo ikiwa paji la uso linang’aa mno. Hapo ndipo mng’ao wa ngozi unaotokana na mwanga wa ubavuni unapoonekana, na mng’ao huo ndio unaoupa uso umbo lake.

Ukishapata mahali, simama. Usisimame katikati ya njia, kwa maana wasukuma mikokoteni hawana breki wala muda wa kukubembeleza. Simama kando ya nguzo au kwenye ukingo wa varanda, na umwombe mwenye duka ruhusa ya kukaa hapo. Elekeza kamera kwenye eneo lako tupu na ukague kingo zote nne za fremu kabla hajaingia mtu yeyote. Je, kuna kamba inayokatiza kona ya juu? Kuna ndoo nyeupe chini kushoto inayovuta jicho? Sogea, inama, au piga hatua moja mbele mpaka kingo ziwe safi, kisha usibadilishe chochote. Kuanzia hapo kazi yako ni kusubiri mtu afike sehemu unayoitaka, akiwa katika hatua unayoitaka. Robo saa mahali pamoja si muda mrefu. Nusu saa ni bora zaidi, kwa kuwa baada ya muda huo watu huanza kukuzoea na kuacha kukutazama.

Unaposubiri, jambo la kuchunguza ni utengano wa maumbo. Watu wawili wanapopishana mbele ya kamera, kuna sekunde ambapo vichwa vyao vinagusana na kuwa kitu kimoja kisichoeleweka, na kuna sekunde nyingine ambapo upenyo mwembamba wa mwanga unapita kati yao. Mtu anayetembea anasomeka vizuri zaidi miguu yake ikiwa imefunguka kuliko inapopishana. Mzigo wa kichwani unasomeka vizuri ukiwa hauligusi tawi au bango lililo nyuma. Mfano mzuri sana ni ile picha ya Martin Munkácsi, mpigapicha aliyezaliwa Hungaria, ya wavulana watatu wakikimbilia mawimbi, ambayo kwa miaka mingi imetajwa kuwa ni ya Ziwa Tanganyika. Wavulana hao wanaonekana kwa nyuma, wakiwa maumbo meusi mbele ya povu jeupe, na ingawa nyuso zao hazionekani, unasoma mwendo wote kutokana na mikono, miguu na nafasi zilizo katikati yao. Henri Cartier-Bresson, mpigapicha maarufu wa Ufaransa, aliiona picha hiyo akiwa kijana mwanzoni mwa miaka ya 1930, na baadaye alieleza kwamba ndiyo iliyomwasha. Itafute uitazame kwa utulivu, halafu uende Mtaa wa Msimbazi jua likiwa chini, ukae upande ambao watu wanapita kati yako na mwanga, na ujaribu kupata maumbo matatu yasiyogusana. Usijali nyuso siku hiyo.

Kuhusu umbali, nina msimamo ambao huenda usiupende. Lenzi kuu ya simu nyingi ina upana unaolingana na lenzi ya takriban milimita 24 hadi 26 kwenye kamera kubwa, na hiyo ni lenzi pana. Ukiishika simu wima na kusimama mita 4 kutoka kwa mtu mzima, atachukua takriban theluthi moja tu ya urefu wa picha, na sehemu nyingine yote itajazwa na soko. Ukisogea hadi mita 2, atachukua karibu theluthi mbili. Kwa hiyo sehemu kubwa ya fujo katika picha zako inawezekana kabisa kuwa ni mita mbili ulizoogopa kuzitembea. Zipo njia mbili za kutoka hapo: kusogea, au kutumia ukuzaji wa mara mbili, ambao kwa lenzi kama hizo hukupa upana unaokaribia ule wa milimita 50 ambao Cartier-Bresson aliutumia kwa sehemu kubwa ya kazi yake. Kwa mazoezi ningependa uanze na huo wa mara mbili, kwa sababu unapunguza vitu vinavyoingia ndani ya fremu na kukulazimisha kuchagua. Baadaye urudi kwenye lenzi pana ukiwa tayari kuijaza. Ile lenzi pana kupita kiasi, inayovuta pembe za picha na kurefusha miguu ya watu, iache kabisa kwa sasa.

Mwanga wa Dar es Salaam unahitaji maelezo ya peke yake, kwa kuwa mafunzo mengi yaliyoandikwa nchi za mbali na ikweta hayaelezi hali yetu. Jiji liko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba jua la mchana hupita utosini kabisa, na hata miezi mingine hupanda haraka. Jua likiwa juu namna hiyo, macho ya watu hugeuka mashimo meusi chini ya paji la uso na kofia hufunika nusu ya sura. Kipimo rahisi unacho mwenyewe: tazama kivuli chako. Kikiwa kirefu kuliko wewe, mwanga unakuja kutoka ubavuni na unachonga maumbo. Kikiwa kifupi kuliko wewe, ondoka juani ukafanye kazi kivulini. Kwa kawaida kivuli kirefu hukupa nafasi mpaka kama saa tatu asubuhi, kisha hurudi alasiri. Kariakoo ya leo, hata hivyo, imejaa maghorofa, na mitaa yake hupata jua la moja kwa moja kwa muda mfupi kuliko uwanja wa wazi. Usisikitike kwa hilo. Vioo vya maghorofa hayo huakisi jua na kutupa mabaka ya mwanga upande wa pili wa mtaa, mahali ambapo kwa kawaida pangekuwa na kivuli. Baka la namna hiyo likiangukia meza ya muuzaji wa miwani au saa, una jukwaa lililokwisha kuwashwa taa, na husogea polepole kiasi cha kukupa dakika kadhaa za kufanya kazi.

Saa za mchana fanya kazi chini ya miavuli na maturubai, ukiwa na tahadhari moja. Turubai la buluu likipenywa na jua hupaka buluu kila kilicho chini yake, pamoja na nyuso na nyama na nyanya, na rangi hiyo haiondoki kirahisi hata ukiirekebisha baadaye. Turubai jeupe au mwavuli wa rangi hafifu hutawanya mwanga kwa namna nzuri sana. Mwavuli mwekundu huzifanya nyanya zipendeze na watu waonekane wagonjwa. Chagua kibanda kwa rangi ya paa lake kabla ya kukichagua kwa bidhaa zake.

Ningependa pia uwe na siku za kutopiga mtu yeyote. Mafungu ya nyanya, vitunguu na ndimu yaliyopangwa juu ya gunia ni darasa la mpangilio ambalo limekwisha kuandaliwa na mtu mwenye jicho zuri kuliko wengi wetu, kwa sababu muuzaji anajua kwamba fungu linaloonekana vizuri ndilo linalonunuliwa. Inama juu yake, kamera ikitazama chini moja kwa moja, ujaze fremu yote bila kuacha nafasi ya lami pembeni. Utakachokipata ni marudio ya umbo moja, na marudio matupu huchosha haraka. Kwa hiyo subiri kitu kinachoyavunja, kama vile mkono wa mteja unaochagua, fungu moja lililopungua, au pilipili ya kijani iliyodondokea mahali pasipo pake. Fanya hivyo kwa matenga ya nazi, kwa ndoo na sado za kupimia, kwa viatu vya mitumba vilivyopangwa jozi kwa jozi. Ukipata pembe inayoonyesha mapaa ya zege ya jengo la soko lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, utaona kwamba yana umbo la miavuli mikubwa. Tafuta basi mahali ambapo miavuli ya wachuuzi inakaa chini yake, ili umbo moja lijirudie kwa ukubwa tofauti. Kukutanisha maumbo yanayofanana namna hiyo ni kazi ya miguu zaidi kuliko ya simu, kwani hatua moja kushoto huweza kuleta au kupoteza kila kitu.

Rangi ndiyo mtego mkubwa wa soko. Meza ya mitumba ina rangi zote zilizopo duniani, na macho yako hufurahi, lakini picha yake ni kelele. Jiwekee sharti la rangi mbili: kwa mfano, buluu ya ndoo na njano ya ndizi, na chochote cha rangi ya tatu kinachoingia ndani ya fremu kiwe kidogo au kiwe kivulini. Khanga na vitenge vinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu nakshi zake ni kubwa na zenye nguvu. Mwanamke aliyevaa kitenge chenye maua makubwa akisimama mbele ya vitenge vilivyotundikwa atayeyuka ndani yake, jambo ambalo linaweza kuwa zuri ukilikusudia, na baya sana lisipokusudiwa. Ukiwa na shaka, igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe baada ya kuipiga. Ikibaki inaeleweka, mpangilio wako ni imara. Ikisambaratika, ulikuwa umepiga picha ya rangi peke yake.

Utakapokuwa na uhakika na picha ya tabaka moja, yaani mtu na ukuta wake, anza kujenga tabaka mbili, na baadaye tatu: bidhaa karibu na kamera, muuzaji katikati, mtaa nyuma. Hapa watu wengi hurudia fujo ileile ya mwanzo na kuiita tabaka. Tofauti ni kwamba kila tabaka liwe na nafasi yake isiyofunikwa na jingine, na moja tu liwe na mwanga mwingi. Weka lenzi karibu na rundo la mananasi, ushuke hadi usawa wa kiuno, na uache rundo lijaze theluthi ya chini. Muuzaji aonekane juu ya rundo hilo ndani ya fremu, bila kukatwa kiungo na chochote. Mtaa wa nyuma uwe na giza au uwe mbali. Kama simu yako inaruhusu kuweka kasi ya kupiga picha mwenyewe, jaribu sehemu ya 1/15 ya sekunde ukiwa umeegemea nguzo: muuzaji aliyetulia atabaki wazi na umati utageuka michirizi, hivyo tabaka zitatengana kwa mwendo hata pale mwanga usipozitenga. Kinyume chake, kumkamata kuli anayekimbia na mzigo kunahitaji angalau 1/250, na kivulini simu itaanza kutoa chengachenga.

Hukuuliza kuhusu ruhusa, lakini siwezi kulitenga jambo hilo na mpangilio, kwa sababu picha iliyoibwa kwa haraka mara nyingi huwa na mpangilio wa haraka. Machinga anayepanga bidhaa kando ya barabara ana sababu ya kuiogopa kamera, kwa kuwa hajui picha hiyo itaishia kwa nani, na kumbukumbu ya kuhamishwahamishwa bado iko karibu. Msalimu kwanza, mzee umpe shikamoo yake, ununue kitu kidogo, na useme wazi unachokitaka: “Mama, naomba kupiga picha ya ndimu zako, zimepangwa vizuri.” Ukishapiga ndimu, mwonyeshe picha, mara nyingi ruhusa ya kumpiga yeye mwenyewe hufuata bila wewe kuiomba mara ya pili, na asipotaka, yaishe hapo. Mtoto usimpige bila idhini ya mzazi au mlezi, na mtu anayehesabu fedha mwache ahesabu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo sura ya mtu anayetambulika si jambo la kuchukulia mzaha, hasa ukikusudia kuitumia kibiashara. Siku utakapokwenda soko la samaki la Feri kwa ajili ya mnada, kumbuka pia kwamba uko jirani na Ikulu: elekeza kamera kwenye samaki na ngalawa, si upande huo.

Mwisho ni uchambuzi, na huu usiufanye ukiwa bado sokoni, kwa sababu kila unapoinamia kioo mtaa unaendelea bila wewe. Subiri hadi kesho yake, ufungue picha zikiwa ndogo kama stempu, zote kwenye kioo kimoja. Picha ambayo mpangilio wake unafanya kazi itajitokeza hata kwa ukubwa huo, kwa kuwa umbo lake kuu linasomeka kabla hujatambua ni ya nini. Hizo chache zipanue, ugeuze kila moja kichwa chini miguu juu, na uangalie jicho lako linakwenda wapi kwanza. Likienda kwenye kona au kwenye bango, andika pembeni kosa hilo kwa maneno machache, kwa mfano “kichwa kimegusa nguzo” au “mwanga mkali kulia juu”. Usiikate picha ili kuiokoa wakati huu wa mazoezi, kwani ukikata nyumbani hutajifunza kusogea mtaani. Kosa litakalojirudia zaidi katika orodha yako ndilo litakuwa zoezi lako la safari inayofuata, mahali palepale na saa ileile. Picha za pembe hiyo zikianza kufanana, vuka mtaa uleule ili mwanga ukufikie kutoka upande mwingine, kabla hujafikiria kwenda Ilala au Buguruni.